Mlinzi wa Samaki wa Ain Sebbar

Kazi ya Yamna Boutahar ilikuwa kuangalia samaki. Hakuwavua, hakuwauza, wala hakuwapika. Aliwaangalia tu, na kwa kazi hiyo alilipwa mshahara na mji wa Ain Sebbar.

Samaki wenyewe walikuwa sita, kuyu wa mtoni wenye rangi ya shaba na sharubu nne kila mmoja. Waliishi ndani ya tangi la kioo, chumba cha kwanza ukiingia kituo cha maji. Bomba jembamba liliwaletea maji moja kwa moja kutoka mto Mellil, maji ambayo bado hayajatiwa shabu wala klorini. Yalipita kwao, yakatokea upande wa pili. Samaki wakiwa wazima, mji ulikunywa. Wakianza kuhangaika, lango la mto lilitakiwa kufungwa kabla maji hayo hayajafika kwenye mabomba ya watu.

Kituoni kulikuwa na mashine pia, za kupima tope na klorini, zenye taa za kijani na nyekundu. Yamna hakuzidharau. Lakini kwa miaka mingi aliyokaa mbele ya kile kioo alikuwa amejua mambo ambayo taa haziwezi kusema. Alijua kwamba samaki wakijibanza kona ya mbali na bomba, kuna kitu ndani ya maji kinachowawasha. Wakipanda juu na kupanua midomo, maji yamepungukiwa hewa. Mmoja akianza kuogelea kiubavu, ujue muda wa kujadiliana umekwisha.

Aliingia kituoni akiwa na miaka thelathini na minne, mjane wa miaka miwili. Mumewe, fundi wa kuezeka, alianguka kutoka juu ya paa la shule na hakuamka tena. Siku ya arobaini, Allal, kaka yake Yamna, alikuja na lori lake la kubebea zeituni, akasimama mlangoni na kusema, "Funga mizigo. Watoto wako hawatalala na njaa na mimi nina kinu cha mafuta." Akawachukua wote watatu, Yamna, binti yake Siham na mtoto wake mdogo, akawaweka kwake kijijini Bni Omrani, karibu kilomita kumi na mbili juu ya mto. Walikaa huko miaka miwili. Watoto walisoma, walivaa, walikula sinia moja na watoto wa Allal, na hakuna aliyewahi kuambiwa ale kidogo. Kisha Allal akazungumza na mteja wake mmoja aliyefanya kazi kituo cha maji, na Yamna akapata kazi ya kufagia.

Habari ya samaki ilikuja yenyewe. Asubuhi moja alikuwa anafagia huku mzee Si Maati, aliyekuwa akiwatunza wakati huo, anasoma gazeti. Huko mwanamume huitwa Si kwa heshima, na mwanamke Lalla. Yamna akasimamisha fagio.

"Si Maati, huyu wa pembeni anapumua kama mtu aliyepanda ngazi."

"Na wewe umekuwa daktari wao lini?" Si Maati akacheka bila kuinua macho.

Adhuhuri yule samaki alikuwa amekufa. Wakachunguza, wakakuta mafuta ya pampu yanavuja pale maji yanapoingilia. Si Maati alipostaafu, hapakuwa na mtu mwingine aliyetaka kwenda nyumbani kila siku akinuka samaki, kwa hiyo wakampa Yamna ile kazi. Tunayoyasimulia yalitokea alipokuwa na miaka hamsini na mmoja.

Mwaka huo zeituni zilizaa hadi matawi yakavunjika. Vinu vyote vya juu ya mto vilisaga usiku na mchana, na watu walifurahi, kwani miaka mitatu iliyotangulia ilikuwa ya ukame. Lakini zeituni ikikamuliwa haitoi mafuta peke yake. Hutoa mashudu, ambayo watu hukausha wakachochea moto, na hutoa maji meusi, machungu, mengi kuliko mafuta yenyewe. Maji hayo yakiingia mtoni hula hewa yote wanayovuta samaki na kuwaunguza matamvua wanayopumulia. Sheria ilitaka kila kinu kiwe na bwawa la kuyakaushia juani. Kila kinu kilikuwa nalo. Kama bwawa linatosha au halitoshi, hilo lilikuwa neno jingine.

Jumanne moja ya Novemba, siku ya soko, Yamna alifika kituoni saa moja na nusu asubuhi. Alipofungua mlango aliona samaki wote sita wako juu, midomo nje. Hakuvua hata joho lake. Maji ndani ya tangi yalikuwa na rangi kidogo tu, kama chai iliyoongezwa maji mara mbili. Akachota kwa kiganja, akanusa. Harufu ilikuwa ndogo, lakini aliifahamu. Akampigia simu mhandisi Sefrioui, mkuu wa kituo. Simu ilikuwa imezimwa; mhandisi alikuwa kwenye mkutano wa mkoa. Alipogeuka, samaki wawili walikuwa wameshalala ubavu.

"Bouazza!" akaita. "Zima pampu!"

Bouazza, mwendesha pampu, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi, alitokea na glasi ya chai mkononi.

"Na wewe umeamkaje, Lalla Yamna? Mimi sijambo, asante."

"Sitanii. Zima, tufunge lango."

Bouazza akazitazama taa. "Kijani, kijani, kijani. Mashine inasema maji mazuri."

"Mashine haivuti hewa ya majini."

"Na mimi sina amri. Amri ya kufunga ni ya mhandisi. Akirudi nimwambie nini? Kwamba samaki walinipigia simu?"

Hapo samaki wa tatu akageuka, tumbo jeupe juu, akapelekwa na maji mpaka kwenye kioo mbele ya uso wa Bouazza. Bouazza akaiweka glasi juu ya mashine.

"Leo siku ya soko, Yamna. Mji mzima uko mitaani. Watanitafuna mbichi."

"Waambie ni mimi niliyefunga."

"Kwa hilo usiwe na shaka, ndivyo nitakavyowaambia."

Wakalizungusha gurudumu la lango pamoja, yeye na Yamna, kwa sababu lilikuwa na kutu na mtu mmoja hakuliweza. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Maji yaliyokuwa kwenye tangi kuu la mlimani yalitosha saa chache. Kufika saa sita mitaa ya juu ilikuwa mikavu. Wanawake walikusanyika getini na ndoo, mwenye hamamu, bafu la umma, akaja na taulo begani, wauza supu wa sokoni wakaja na masufuria yao. Habari ilikuwa imeshasambaa na kuota mkia.

"Eti samaki wanaumwa tumbo!" mmoja akapaza sauti.

"Wapeni mnanaa wanywe!"

"Yamna, toka utuambie! Tuoshe maiti zetu kwa maji gani, kwa machozi yako?"

Yamna alisimama ndani nyuma ya dirisha, mikono ndani ya mikono ya joho. Aliogopa. Hakumwambia mtu hivyo siku ile, lakini baadaye alikiri kwamba, kwa dakika kadhaa, alitamani samaki waliobaki wafe haraka ili asionekane mjinga. Kisha akaona haya kwa kuwatakia hivyo.

Mhandisi Sefrioui alirudi saa saba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi haikumruhusu Yamna kugusa lango. Akapima tope, akapima klorini, akapima tena.

"Umekausha mji wa watu elfu arobaini kwa sababu ya samaki watatu?"

"Sasa ni watano, Si Sefrioui."

"Labda ni ugonjwa wao! Labda chakula ulichowapa!"

"Labda," Yamna akasema. "Lakini kama si ugonjwa?"

Mhandisi akampa mgongo. "Bouazza, fungua lango."

Bouazza akainuka, akapiga hatua mbili, akashika kiuno. "Allahu akbar, mgongo. Umenishika hapa hapa, mhandisi. Nipe dakika moja nipumue."

Ile dakika ilikuwa bado haijaisha kelele zilipotoka darajani. Sefrioui akatoka mbio, Yamna nyuma yake, na Bouazza pia, mgongo wake ukiwa umepona ghafla. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni wanaangalia chini. Mto Mellil ulikuwa unakuja mweusi. Haukuwa na rangi ya tope, bali weusi wa kahawa, na povu la hudhurungi juu yake, na harufu ya zeituni zilizosagwa zikachacha. Yaliyopita asubuhi yalikuwa ncha tu. Sefrioui aliutazama mpaka weusi ukapita chini ya miguu yake.

"Lango libaki lilivyo," akasema.

Samaki wa mtoni walianza kupita alasiri. Kwanza dagaa wadogo, kama majani makavu yanayoelea. Halafu kuyu, wengine urefu wa mkono wa mtu mzima, samaki ambao wavuvi wa daraja walikuwa wakiwatafuta miaka na kuwapa majina. Yangeyange walishuka, wakadonoa, wakaacha. Kisha wakaja mikunga, samaki warefu kama nyoka. Mkunga ni samaki mgumu, anaweza kuvuka shamba lenye umande akitafuta maji mengine, na siku ile walitoka mtoni wenyewe. Walipanda juu ya tope la ukingo kwa mamia, wanajikunja, wanafungua vinywa. Watoto wakapiga mayowe wakidhani ni nyoka.

Yamna akateremka ukingoni na joho lake. Akawakusanya mikunga kwa mikono ndani ya ndoo za wale wale wanawake waliokuja kudai maji, akawabeba mpaka chemchemi ya juu ya mji, ambako maji hutoka mwambani na hayana uhusiano na mto. Mara ya kwanza alikwenda peke yake. Mara ya pili mwanamke mmoja alimfuata, yule aliyetaja maiti, naye alibeba bila kusema kitu huku akigeuza uso pembeni. Waliokoa mikunga sitini na kitu. Waliobaki walikaukia juu ya tope.

Kuyu wa tangini walikufa wote sita. Walipopasuliwa, matamvua yao yalikuwa meusi kama masizi ya chungu.

Mji ulikaa siku tano ukinywa maji yaliyoletwa na magari. Siku ya tatu alikuja mkaguzi wa bonde la mto, Si Lahsen, mtu mnene mwenye goti bovu, akitafuta maji yale yalikotoka. Vinu vilikuwa kumi na moja na kila mwenye kinu alikwishaapa kwamba si yeye. Sefrioui akamwambia, "Mchukue Yamna. Anaujua mto."

Wakapanda kando ya mto kwa miguu, pole pole kwa ajili ya goti. Yamna alikuwa na njia yake. Kila kijito kilipoingilia mtoni, aliinama, akageuza mawe, kwanza chini ya kijito, kisha juu yake. Jiwe la mto mzima huwa na wadudu wadogo wamejishika upande wa chini, wale ambao samaki huwala. Jiwe la maji yaliyokufa huwa tupu na linateleza.

"Hapa tupu," alisema. "Twende mbele."

"Hapa tupu tena."

Baada ya mwendo wa saa tano walifika mahali ambapo vijito viwili vinaingia mtoni karibu karibu. Kulia kulikuwa na kijito kinachotoka kwenye kinu kikubwa kipya cha mtu tajiri wa mjini. Kushoto kulikuwa na Korongo la Difla. Si Lahsen akafuta jasho na kuelekea kulia.

"Ni hiki," akasema. "Kinu hiki kinasaga kuliko vingine vyote kwa pamoja. Na mwenyewe nimemwandikia mara mbili."

Yamna alikuwa ameshageuza mawe ya kulia. Yalikuwa na wadudu, wazima, wanatambaa kwenye vidole vyake. Akayageuza na ya kushoto pia, yakawa matupu. Korongo la Difla alikuwa akifulia nguo humo miaka miwili. Alijua kila kona yake, na alijua kwamba juu kabisa, nyuma ya ile mitini mitatu, kuna kinu kimoja tu.

Alikaa amechutama kwa muda. Si Lahsen akadhani amechoka.

"Pumzika, Lalla. Mimi natangulia."

"Si huko," Yamna akasema. "Kulia wadudu wako hai. Ni huku."

"Una hakika? Huku kuna nani?"

"Kaka yangu."

Allal alikuwa uwanjani kwake kati ya magunia, nywele zimejaa vumbi la mashudu. Alipomwona dada yake alifungua mikono, kisha akamwona mkaguzi nyuma, mikono ikashuka. Hapakuwa na mengi ya kutafuta. Bwawa lilikuwa limebaki nusu, na ukingoni mwake kulikuwa na mfereji uliochimbwa kwa sururu, umefukiwa upya kwa udongo ambao ulikuwa bado na unyevu. Allal mwenyewe alisema yote kabla hajabanwa. Bwawa lilijaa, redio ikatangaza mvua, akahofia ukuta utabomoka wote. Akafungua kidogo. Kidogo kikapasua ukingo, kikawa mto.

Si Lahsen alipokwenda kubandika lakiri kwenye mlango wa kinu, kaka na dada wakabaki wawili.

"Ni wewe umemleta," Allal akasema.

"Nimefuata mawe, Allal."

"Mawe! Mawe yalikuja kukutoa kwenye nyumba ya msiba? Mawe yaliwavisha watoto wako? Hata hiyo kazi yako ya kuchungulia samaki, nani alikupa?"

"Ulinipa wewe. Nimeifanya."

"Na mafuta uliyochovya mkate miaka yote hii yalitoka wapi, siyo humu humu?"

"Yalitoka humu," Yamna akasema. "Najua. Nilikula, na sikuwahi kuuliza maji yake yanakwenda wapi. Na mimi nina sehemu yangu."

Allal akachukua koleo, akaanza kuhamisha mashudu kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda upande wa pili, kazi isiyokuwa na maana yoyote.

Kinu kilifungwa msimu mzima, na zeituni za majirani waliokuwa kwenye foleni zikaoza magunini kabla hawajapata nafasi kwingine. Bni Omrani hawakumlaumu Allal, walimlaumu Yamna. Majira ya kiangazi Allal alimwoza binti yake wa mwisho. Yamna alijua habari za harusi hiyo kwa kuona magari yenye maua yakipita barabarani mbele ya kituo cha maji, yakipiga honi. Alirudi ndani akaosha kioo cha tangi, ambacho alikuwa amekiosha asubuhi.

"Mama, ungenyamaza tu," Siham alimwambia jioni. "Mkaguzi alikuwa anakwenda kwingine. Wewe ungepungukiwa nini?"

"Angekwenda kumfungia mtu ambaye hakufanya."

"Tajiri yule? Angefungua kesho yake."

"Huenda. Lakini bwawa la mjomba wako lingejaa tena mwaka unaofuata." Yamna akaongeza, "Usidhani sikulitamani. Nilichutama pale nikalitamani hasa."

Mwaka uliofuata vinu vilichangia bwawa moja kubwa uwandani, mbali na mto, lenye sakafu ya plastiki nene. Allal alijiunga wa mwisho. Sefrioui naye aliandika karatasi mpya, akaigonga mhuri, akaibandika karibu na tangi, lenye kuyu wapya sasa kutoka vijito vya juu: anayetunza samaki anaweza kufunga lango bila kusubiri amri. Bouazza alimsomea kwa sauti kubwa, akauliza kama siku hizi inabidi ampigie saluti.

Mto ulipona polepole na kwa vipande. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtupu. Wavuvi waliuza nyavu au walikwenda kuokota zeituni. Mwaka wa pili wadudu walirudi, na dagaa waliteremka kutoka vijito vya juu. Mwezi wa Mei wa mwaka wa tatu Yamna aliona kuyu wakubwa wakitaga kwenye kokoto chini ya daraja, wachache, pengine kumi. Mikunga aliowaweka chemchemini aliwarudisha mtoni kwa ndoo. Baada ya hapo hakuona mkunga mwingine hata mmoja, na wataalamu walimwambia mikunga huzaliwa baharini na kupanda mto, ni safari ndefu, wasubiriwe.

Vuli ya mwaka huo huo wa tatu, asubuhi ya mvua, simu ya kituo ililia. Bouazza alipokea, akasikiliza, akampa Yamna bila utani.

"Ni mimi," sauti ya Allal ikasema. "Nipo kwenye bwawa kubwa, ni zamu yangu. Ukingo wa chini umelowa. Sijui kama panavuja au ni mvua. Funga lango."

Yamna alifunga. Waliangalia samaki mpaka saa nane. Samaki walikula, wakazunguka, wakafukuzana. Watu wa bonde la mto walikwenda na kupima. Ilikuwa mvua tu. Yamna akapiga simu mwenyewe.

"Ni mvua, Allal."

"Basi nisamehe kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu. Umefanya vizuri kupiga."

Upande wa pili Yamna alisikia mvua ikigonga plastiki. Hakuwa na uhakika kama kaka yake bado yupo.

"Mguu wako vipi?" Allal akauliza. "Siham alimwambia mke wangu unachechemea."

"Ni goti. Ngazi za hapa."

"Pakaa kitu cha moto ulale. Usilichezee, lile la marehemu mama lilianza hivyo hivyo."

Wakaongea kuhusu magoti kwa muda, halafu kuhusu ugonjwa wa sukari wa mke wa Allal, halafu bei ya mbolea. Hakuna aliyetaja mto. Ijumaa ya wiki ile Yamna alipanda gari la Bni Omrani, akakaa kwa kaka yake mpaka alasiri, wakala kuskusi, na akarudi nyumbani kabla giza halijaingia.